Sarah Maldoror: maswali ambayo hayaishi kila jina lake likitajwa

Mtaje Sarah Maldoror mbele ya wapenzi wa filamu na maswali yanakuja yale yale, hivi huyo ni Mwangola, ndiye wa kwanza Afrika, mbona filamu zake hatuzioni. Nimeyakusanya hapa pamoja. Ya juu ni ya mtu ambaye hajawahi kumsikia kabisa, ya chini ni ya wale wabishi wanaotaka kujua tarehe na nani alimtangulia nani. Kama jibu limeshatolewa sehemu nyingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Ya mwanzo kabisa

Sarah Maldoror ni nani?

Mwongozaji wa filamu, mwanamke mweusi, aliyeanza kushika kamera wakati vita vya ukombozi wa makoloni ya Mreno vimepamba moto. Ametengeneza filamu zaidi ya 40, fupi, ndefu, za kuigiza, za matukio halisi, nyingine za televisheni. Watu wengi wanamjua kwa moja tu, Sambizanga ya 1972, na wengine hata hiyo wanaijua kwa jina bila kuiona.

Alizaliwa Julai 1929 na akafariki tarehe 13 Aprili 2020 huko Ufaransa, karibu na Paris, kwa Covid-19, akiwa na miaka 90. Ile Aprili dunia nzima ilikuwa ndani inahesabu wagonjwa, kwa hiyo msiba wake ulipita kimya kimya na watu wengi walikuja kujua baadaye sana.

Ni Mwangola?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Kazaliwa kusini magharibi mwa Ufaransa, mkoa wa Gers. Baba yake alitoka Guadeloupe, kisiwa cha Marie-Galante, Karibiani huko. Watu wanamdhania Mwangola kwa sababu filamu yake kubwa ni ya Angola na mwenzi wake, baba wa watoto wake, alikuwa Mário Pinto de Andrade, mmoja wa waasisi wa MPLA, chama kilichopigania uhuru wa Angola, na rais wake wa kwanza.

Mimi naona swali zuri zaidi ni kwa nini binti wa Guadeloupe aliyezaliwa Ufaransa aliona vita vya Waangola ni vyake. Jibu limetawanyika humu ndani, ila kwa kifupi, enzi zile mtu mweusi Paris hakuhitaji pasipoti ya Angola ili aelewe ukoloni ni nini.

Maldoror ni jina la ukoo?

La kujipa. Wazazi walimwita Marguerite Sarah Ducados. Maldoror alilichukua kwenye kitabu cha mashairi cha Lautréamont cha karne ya 19, ambacho kina mhusika mmoja mbaya kwelikweli aliyemkataa Mungu na wanadamu. Kitabu hicho kilipendwa sana na akina Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, na wasanii waliotaka kuvunja kila kitu, kwa hiyo kuchagua jina lile ilikuwa kama kuvaa sare ya timu.

## Kabla ya kamera

Alianza na filamu moja kwa moja?

Alianza na jukwaa. Mwaka 1956 yeye na wenzake, Toto Bissainthe wa Haiti, Timité Bassori wa Ivory Coast na Ababacar Samb wa Senegal, walianzisha Paris kundi la maigizo lililoitwa Les Griots. Lilikuwa kundi la waigizaji weusi watupu, na sababu ya kulianzisha ilikuwa rahisi tu, mwigizaji mweusi Paris wakati ule kama ni mwanamke anapewa kuwa housigeli, kama ni mwanaume anabeba mizigo au anafungua mlango, na mstari wa kusema ni mmoja, "ndiyo bibi". Wakasema basi, tutajiandikia nafasi zetu.

Kundi lile lilikuja kujulikana sana 1959 lilipoigiza tamthilia ya mwandishi Mfaransa Jean Genet kuhusu watu weusi, chini ya mwongozaji Roger Blin.

Jambo la kushika hapa ni kwamba Maldoror hakuingia kwenye filamu kama shabiki wa filamu. Aliingia kama mtu aliyekwisha ona kwamba ukisubiri kuitwa utaitwa kuwa housigeli.

Filamu kasomea wapi?

Moscow. Alipata nafasi ya kwenda Umoja wa Kisovieti mwaka 1961 akajifunza kwa mwongozaji Mark Donskoi, na huko huko akakutana na Ousmane Sembène wa Senegal ambaye naye alikuwa kaja kujifunza. Hebu fikiria, watu wawili ambao baadaye wanakuja kuwa nguzo za sinema ya Afrika, wako kwenye baridi la Moscow chini ya mwalimu mmoja, na wote wawili Ufaransa haikuwa imewafungulia mlango.

Kwa nini Moscow na siyo Paris? Wasovieti walikuwa wanatoa nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika na wa makoloni, walikuwa na sababu zao za kisiasa bila shaka, lakini nafasi ni nafasi.

Na Battle of Algiers, kweli alihusika?

Kweli, alikuwa msaidizi wa mwongozaji. Baada ya Moscow aliishi Moroko kisha Algeria, kwa sababu ya kazi za Andrade. Algeria ilikuwa imetoka kupata uhuru 1962 na Algiers ikawa ndiyo kijiwe cha wapigania uhuru wa bara zima, kila chama kina ofisi yake pale. Mwitaliano Gillo Pontecorvo alipokuja kupiga Battle of Algiers, filamu yake ile maarufu ya 1966 kuhusu vita vya Waalgeria na Wafaransa, Maldoror akaingia kwenye timu. Akafanya kazi pia na William Klein kwenye filamu ya tamasha la utamaduni wa Afrika lililofanyika Algiers 1969.

Kwa hiyo akija kushika filamu yake mwenyewe tayari ana jukwaa, ana shule, na amesimama kwenye seti ambayo waigizaji karibu wote ni watu wa kawaida waliotolewa mtaani. Hicho cha mwisho utakiona tena kwenye Sambizanga.

## Filamu mbili za kwanza

Monangambééé inahusu nini?

Filamu fupi, kama dakika 17 hivi, ya nyeusi na nyeupe, aliitengeneza Algiers mwishoni mwa miaka ya 1960. Inatokana na hadithi fupi ya José Luandino Vieira, mwandishi Mwangola mweupe ambaye wakati huo Wareno walikuwa wamemfunga kwenye kambi ya Tarrafal, Cape Verde. Na huyu siyo mwandishi wa kubahatisha, mwaka 1965 chama cha waandishi cha Ureno kilimpa tuzo akiwa yuko ndani, serikali ikakasirika ikakifunga chama chenyewe!

Stori ni hivi. Mke anaenda kumwona mumewe gerezani na anamwahidi kumletea "suti kamili". Kwa watu wa Luanda hilo ni jina la chakula, samaki na maharage na mawese. Askari Mreno hajui hilo, anaposikia suti anaamini kuna suti kweli inaletwa na ndani yake kuna ujumbe wa siri umeshonewa, basi mfungwa anateswa aseme ujumbe uko wapi. Anapigwa kwa ajili ya samaki. Ukoloni mzima uko humo ndani, mtu anakutawala miaka na miaka na hajui hata unakula nini.

Muziki umepigwa na Art Ensemble of Chicago, bendi ya jazi ya Marekani iliyokuwa Paris wakati ule. Siyo muziki wa kubembeleza, unakwaruza masikio, na ndivyo inavyotakiwa.

Hiyo Guns for Banta mbona haionekani popote?

Kwa sababu iliporwa. Hili ndilo tukio linaloniuma kuliko yote kwenye kazi ya huyu mama kwa hiyo vumilia jibu ni refu.

Mwaka 1970 alienda Guinea-Bissau msituni, na wapiganaji wa PAIGC ya Amílcar Cabral, chama kilichopigania uhuru wa Guinea-Bissau na Cape Verde, kupiga filamu ndefu. Hela ilitoka kwa jeshi la Algeria. Mhusika wake mkuu hakuwa kamanda, alikuwa mwanamke wa kijijini aitwaye Awa, anayejiunga na harakati na kusaidia kupitisha silaha. Yani yeye kapelekwa kwenye vita halisi, na wanajeshi halisi, akaona watu wanaobeba vita mgongoni ni wanawake, wanapika, wanabeba risasi, wanapeleka habari kijiji kwa kijiji, akaamua kamera iende huko.

Aliporudi Algiers kuanza uhariri wakagongana. Waliotoa hela walikuwa na filamu yao kichwani na haikuwa ile. Akajibizana na ofisa wa jeshi, na Maldoror hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, mwisho wa siku mikanda ikachukuliwa na yeye akafukuzwa Algeria.

Mikanda ile haijawahi kurudi kwa umma. Kilichobaki ni picha za mnato alizopiga Suzanne Lipinska, ambaye alikuwa naye kwenye safari ile, na mwaka 2011 msanii Mathieu Kleyebe Abonnenc akazitumia kutengeneza kazi kuhusu filamu hii isiyoonekana. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni kitu kinaitwa "utangulizi wa Banta" ujue ni kazi ya Abonnenc, siyo filamu ya Maldoror.

Angalia pia nani alimpora. Siyo Mreno, siyo Mfaransa, ni upande wake mwenyewe, wanamapinduzi wenzake.

## Sambizanga

Stori ya Sambizanga ni ipi? (nitaisimulia yote, kama hutaki kujua mwisho ruka)

Domingos Xavier ni dereva wa trekta kwenye mradi wa ujenzi Angola, mwanzoni mwa 1961. Ana mke, Maria, na mtoto mchanga. Kisiri siri yuko kwenye harakati. Asubuhi moja polisi wanamvamia nyumbani wanamburuza na kumtupa kwenye gari, Maria anapiga kelele, gari linaondoka. Kuanzia hapo filamu inagawanyika, huku Domingos yuko gerezani Luanda anapigwa ili ataje jina la mwenzake mmoja tu, Mreno aliye upande wao, na anakataa. Kule Maria kambeba mtoto mgongoni anatembea. Kituo cha kwanza wanamwambia hayupo, nenda kule. Anaenda kule, hayupo. Na katikati kuna mtandao wa watu wadogo wadogo, mzee, mtoto, fundi cherehani, wanaopeana habari kwamba kuna mfungwa kaletwa, jamani ni nani huyo.

Domingos anafia gerezani. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua sheria, steringi hafi. Hapa anakufa, tena hafi kwa kishindo, anakufa sakafuni na wafungwa wenzake wanamfumba macho na kumwimbia. Habari inawafikia wenzake wakiwa kwenye dansi, muziki unasimamishwa, wanatangaziwa, halafu wanaambiwa wasilie na dansi liendelee kwa heshima yake. Mwisho kabisa tunaona watu wakipanga shambulio la tarehe 4 Februari, la kwenda kuwatoa wafungwa.

Hiyo tarehe 4 Februari ni ya kweli?

Ya kweli. Tarehe 4 Februari 1961 watu walivamia magereza ya Luanda, na Angola inaihesabu hiyo kama mwanzo wa vita vya uhuru vilivyoendelea mpaka 1974, uhuru wenyewe ukaja 11 Novemba 1975. Ni sikukuu ya taifa, hata uwanja wa ndege wa Luanda ulipewa jina la tarehe hiyo. Sambizanga nayo ipo, ni mtaa wa uswahilini Luanda, José Eduardo dos Santos aliyekuja kuwa rais alizaliwa hapo.

Domingos Xavier lakini ni mhusika wa kutunga, anatoka kwenye kitabu cha Luandino Vieira yule yule wa Monangambééé.

Kwa nini haikupigwa Angola?

Mwaka 1972 Angola bado ni ya Mreno na vita vinaendelea, ukienda na kamera na skripti ile Luanda unaishia kuwa Domingos wa pili. Ikapigwa Kongo-Brazzaville (ile ya ng'ambo ya mto, usichanganye na Kinshasa), ambako MPLA walikuwa na kituo chao. Ndiyo maana mle ndani utasikia Kireno, Kikimbundu na pia Kilingala.

Waigizaji ni wa kweli au watu wa kuokota?

Watu wa kawaida karibu wote, wengi wakiwa wanaharakati wa MPLA na PAIGC. Aliyecheza Domingos ni Domingos de Oliveira, Mwangola aliyekuwa uhamishoni Kongo na ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha trekta. Elisa Andrade aliyecheza Maria ni mchumi kutoka Cape Verde. Ukijua hilo halafu ukarudia kumtazama anavyotembea na mtoto, anavyokaa chini na wanawake wenzake wakimbembeleza, unajiuliza hawa wanaolipwa mamilioni huwa wanafundishwa nini.

Mbona hakuna vita? Mbona ni taratibu hivyo?

Wapo wanaokaa kuitazama wakisubiri bunduki, wanapewa mwanamke anatembea, na anatembea kweli, kamera haikati. Maldoror alieleza kwenye mahojiano kwamba alitaka kuonyesha upweke wa mwanamke yule na muda ambao safari inachukua. Maria mwanzoni hajui siasa za mumewe kabisa, anachojua ni kwamba mume wake kachukuliwa. Anaelewa nchi yake inaendeshwaje kituo kwa kituo, askari kwa askari, na sisi tunaelewa naye kwa mwendo wake. Ukikata ile safari ikawa dakika mbili umempa mtazamaji habari tu, hujampa safari.

Na mimi nadhani baada ya yaliyompata kwenye Banta (swali lake liko juu) alishajua anagomea nini. Hii ni filamu ya vita ambayo vita vinaanza ikiisha.

Ni kweli ilishambuliwa kwamba ni nzuri mno?

Kweli. Wapo waliosema rangi zimependeza kupita kiasi, Maria mrembo mno, nguo na mashamba vinang'aa, mapinduzi hayatakiwi kupendeza hivyo. Lawama hii sijawahi kuielewa vizuri. Yani maskini ili aaminike lazima apigwe picha vibaya? Watu wanaoteswa hawana jua la asubuhi kijijini kwao? Maldoror mwenyewe hakuona haya kwamba filamu yake inapendeza, na mpigapicha wake Claude Agostini alifanya kazi safi.

Lawama yenye uzito zaidi ni kwamba filamu inaionyesha MPLA peke yake kana kwamba vyama vingine havikuwepo. Hiyo nakubali. Ilitengenezwa na watu wa MPLA, kuhusu MPLA, vita vikiendelea, na ukiitazama itazame ukilijua hilo.

Ilipata tuzo gani?

Kubwa ni Tanit ya dhahabu kwenye tamasha la Carthage, Tunisia, 1972, ambayo iligawanywa na filamu moja kutoka Syria. Wakati huo Carthage ndiyo ilikuwa mahali pa filamu za Waarabu na Waafrika kupimana, tamasha la FESPACO la Ouagadougou, Burkina Faso, lilikuwa bado changa.

## Kwa wabishi

Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza filamu Afrika?

Inategemea unahesabu nini, na ndiyo maana ubishi huu hauishi.

Ukisema mwanamke wa Kiafrika wa kwanza kutengeneza filamu yoyote, kuna Thérèse Sita-Bella wa Cameroon aliyetoa filamu fupi ya matukio halisi kuhusu kundi la ngoma la nchi yake lililokwenda Paris, mwaka 1963. Ukisema mwanamke mzaliwa wa Afrika kusini mwa Sahara mwenye filamu ndefu iliyoingia sokoni, jina linalotajwa ni Safi Faye wa Senegal na Kaddu Beykat ya 1975. Ukisema filamu ndefu ya kuigiza, iliyopigwa Afrika, kuhusu Waafrika, na mwongozaji ni mwanamke mweusi, Sambizanga iko miongoni mwa za mwanzo kabisa. Ila mwongozaji wake hakuzaliwa Afrika, kwa hiyo wengine wanamtoa kwenye orodha.

Kwa kipimo cha kwetu, filamu ndefu ya Anne Mungai wa Kenya, Saikati, ilitoka 1992, miaka 20 baada ya Sambizanga.

Binafsi hii habari ya "wa kwanza" nimeichoka. Inamfanya mtu akumbukwe kwa tarehe, halafu hakuna anayekaa kuitazama filamu yenyewe.

Ana uhusiano wowote na Dar es Salaam?

Yeye mwenyewe moja kwa moja simtaji huko, ila mapambano aliyoyafilamu yamepita Dar sana. FRELIMO ya Msumbiji ilianzishwa Dar 1962, kamati ya ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapo hapo, na ule umoja wa vyama vilivyopigana na Mreno, CONCP, uliounganisha MPLA, PAIGC na FRELIMO, ulifanya mkutano wake wa pili Dar mwezi Oktoba 1965. Mário de Andrade alikuwa kwenye uongozi wa juu wa umoja huo tangu ulipoundwa Casablanca 1961. Kwa hiyo vijana wa Dar wakiona Sambizanga wasidhani ni hadithi ya mbali, ni vita vile vile ambavyo wazee wao walikuwa wanachangia hela na damu.

Je alikuwa anafanya propaganda tu ya chama cha mumewe?

Swali hili halisemwi hivyo kwa wanaume, lakini tulijibu. Andrade alishiriki kuandika skripti ya Sambizanga, pamoja na mwandishi Mfaransa Maurice Pons, hilo halina siri. Ila mtu wa propaganda angeihariri Banta walivyotaka wenye hela na angebaki Algiers anakula maisha. Halafu Andrade mwenyewe aligombana na uongozi wa MPLA 1974, Angola ikapata uhuru yeye akiwa nje ya mstari, akaenda kufanya kazi Guinea-Bissau, akafariki London 1990. Chama kilichotukuzwa na Sambizanga hakikuwa na nafasi kwa mwandishi wake mmoja.

## Baada ya 1972

Baada ya Sambizanga aliacha?

Hakuacha, ila filamu ndefu ya sinema ya ukubwa ule hakuipata tena, na hapa ndipo watu wanapopoteana naye. Alihamia Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, akiwa analea mabinti zake wawili, na kazi zilizofuata nyingi ni za dakika chache chache, za televisheni, za mashirika, filamu za maisha ya watu. Alirudi Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970, akapiga kisiwa cha Fogo Cape Verde na kanivali ya Bissau, nchi zikiwa huru sasa. Alitengeneza filamu kadhaa kuhusu Aimé Césaire, kuanzia 1976, na nyingine kuhusu mshairi Léon Damas wa Guyana ya Wafaransa.

Alikuwa na miradi mingi iliyobaki kwenye karatasi. Kila mwongozaji anayo hiyo, lakini mwanamke mweusi anayetaka kupiga filamu kuhusu ukoloni kwa hela ya Ufaransa, huyo rundo lake linakuwa refu kidogo.

Kuna filamu yake ya kuchekesha?

Ipo, na wengi hawaamini. Inaitwa Un dessert pour Constance, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliifanyia televisheni ya Ufaransa. Wafagia barabara wawili wa Kiafrika Paris wanaokota kitabu cha zamani cha mapishi ya Kifaransa, wanakikariri chote, halafu wanaingia kwenye shindano la televisheni la maswali ya mapishi ili wapate hela ya kumrudisha nyumbani mwenzao mgonjwa. Wafaransa wameduwaa, watu wanaowazolea takataka wanajua vyakula vya mabibi zao kuliko wao.

Ukiiweka hii pembeni ya Monangambééé utacheka, kule askari hajui chakula cha anayemtawala, huku anayetawaliwa anajua chakula cha mtawala mpaka mchuzi.

## Kuzitazama

Sambizanga naipata wapi?

Kwa miaka mingi ilikuwa kopi mbovu mbovu, rangi zimekufa, sauti inakoroma. Mwaka 2021 ilikarabatiwa kupitia World Cinema Project ya mwongozaji Mmarekani Martin Scorsese na hifadhi ya filamu ya Bologna, Italia, kwenye mpango wa kuokoa filamu za Afrika unaoshirikisha shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika na UNESCO. Baadaye kampuni ya Criterion ya Marekani ikaitoa kwenye diski pamoja na filamu nyingine za mradi huo. Kama una uwezo tafuta hii iliyokarabatiwa, ile ya zamani inayozunguka inafanya watu waseme filamu ina giza wakati giza ni la kopi. Usitegemee kuikuta ya madijei wa kutafsiri, utasoma maandishi chini.

Nianze na ipi?

Monangambééé. Ni fupi, ikikukera umepoteza dakika 17. Kisha Sambizanga usiku mmoja bila simu mkononi. Un dessert pour Constance ya tatu, upumue. Za Césaire ni za mtu ambaye tayari amesoma mashairi yake kidogo, vinginevyo utasinzia, nasema ukweli.

Nani anatunza kazi zake sasa?

Mabinti zake, Annouchka de Andrade na Henda Ducados. Wamezisaka kopi zilizotawanyika nchi mbalimbali na kusimamia ukarabati, na kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022 ukumbi wa Palais de Tokyo Paris ukaweka maonyesho makubwa ya kazi zake. Ukumbi wa maana mjini Paris, ila yeye alikuwa ameshakufa.

Tunataka kuionyesha kwenye klabu yetu ya filamu, inaruhusiwa?

Kuwa na diski siyo kuwa na ruhusa ya kuonyesha hadharani, hata kama hamtozi kiingilio. Andikeni kwa wenye haki mapema, msingoje wiki ya onyesho, mseme mko wapi, mnategemea watu wangapi na kama kuna kiingilio au hakuna. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo mkiwa na mtu wa kuyaweka Kiswahili semeni kwenye barua hiyo hiyo, maana hiyo nayo inataka ruhusa.